Mama Kinanda, Punguza Sauti!

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa kanisa, nimelikumbatia sanduku la mbao kifuani kama mtoto mchanga, ufunguo wake mkononi. Ambao hamkuwepo, nitawasogeza kwa maneno machache ili twende sawa.

Siku sita za wiki mimi ni fundi wa mapazia. Siku ya saba napiga kinanda kanisani, na nimekipiga miaka kumi na tisa. Jina nililobatizwa watu wameshalisahau. Wananiita Mama Kinanda, hata sokoni.

Mambo yalianza kuharibika kwenye harusi moja. Bibi harusi alifika madhabahuni mimi bado nina beti mbili. Akasimama pale na shela lake, akisubiri nimalize, mpaka bwana harusi akapiga miayo. Toka siku hiyo malalamiko hayakukoma, na Mchungaji wetu, mtu mpole anayekimbia ugomvi kama paka anavyokimbia maji, akaweka sanduku la maoni mlangoni.

Jumapili ya kwanza ziliingia barua thelathini na moja. Moja ililalamikia mlango wa choo. Tatu zililalamikia viti. Ishirini na saba zilinilalamikia mimi.

"Zisome mwenyewe, Mama Kinanda," Mchungaji aliniambia akinikabidhi sanduku. "Kisha utafute namna ya kuwaridhisha."

Kuwaridhisha! Haya, sikilizeni nilivyowaridhisha.

Jumatatu asubuhi nilizimwaga barua zote juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ambaye tunashona naye chumba kimoja, akaacha cherehani yake na pazia la watu likiwa limening'inia nusu, akavuta kiti. Kwa habari za watu, wifi huacha hata chakula.

"Nisome mimi," akasema, na hakusubiri jibu. "'Nyimbo zinakwenda polepole mno. Jumapili iliyopita nilianza ubeti wa kwanza nikiwa na nywele nyeusi.'"

"Weka kulia."

"'Nyimbo zinakwenda mbio mno. Sisi wenye pumu tunafika kwenye Amina wenzetu wameshakaa.'"

"Weka kushoto."

"'Mpiga kinanda anawahi wapi?' Kushoto. 'Mpiga kinanda amelala?' Kulia. 'Naomba kuuliza kama kilichoharibika ni kinanda au ni yeye.'"

"Hiyo weka chini ya meza."

Tulipomaliza, kulia kulikuwa na barua kumi na tatu za waliotaka mwendo uongezwe. Kushoto kumi na moja za waliotaka upunguzwe. Lakini zote ishirini na nne, za kulia na za kushoto, zilikubaliana kwenye mstari wa mwisho: sauti ya kinanda ni kubwa mno. Bibi mmoja aliandika kwamba mjukuu wake wa miezi minne sasa akiliona jengo la kanisa kwa mbali tu, anaanza kulia.

"Imebaki mbili," wifi akasema. Akafungua ya kwanza, macho yakamtoka. "'Mpiga kinanda wetu anapiga vizuri sana. Ila aongeze sauti kidogo.' Aongeze! Huyu anakaa kiti gani, cha nje?"

Akaigeuza barua, akauangalia mwandiko vizuri.

"Wifi, huu ni mwandiko wa mama."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu. Nilifurahi kama aliyepewa zawadi. Katika barua ishirini na saba, angalau moja ilitoka kwa mtu wangu.

Ya mwisho ilikuwa kwenye bahasha iliyogandishwa kwa gundi, na juu yake imeandikwa: Mama Kinanda peke yake. Wifi alinyoosha mkono, nikamuwahi. Nikaitia mfukoni, nikamwambia pazia la watu linamsubiri. Alinuna mpaka adhuhuri.

Alipotoka kwenda kununua uzi, niliifungua. Ilikuwa na mistari mitatu tu.

"Hupigi kwa nguvu kwa sababu una hasira. Unapiga kwa nguvu kwa sababu husikii. Nenda ukapimwe."

Nilikaa juu ya lundo la vitambaa.

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo ninapoungama. Yaliyoandikwa humo yalikuwa kweli.

Sikio langu la kushoto lilianza kuniaga mwaka mmoja kabla, polepole, bila maumivu. La kulia nalo likawa linaonekana kuvutiwa na safari hiyo. Sikumwambia mtu. Nilijifunza ujanja. Wateja nawakalisha upande wa kulia. Midomo ya watu naitazama kuliko macho yao. Na kanisani, kile kioo kidogo kilichotundikwa juu ya kinanda ili nimwone Mchungaji, nilikigeuza kidogo nikawa namwona mwalimu wa kwaya. Bega lake la kushoto likipanda, najua ubeti unaanza.

Kwa nini nilificha? Mpiga kinanda asiyesikia ni kama dereva asiyeona. Nani atapanda gari lake? Na mume wangu, ambaye ni kinyozi na husikia habari za mji mzima kabla hazijatokea, alishaniambia zamani: "Siku hicho kinanda kikikuletea ugonjwa, nakuja kukitoa mwenyewe, nakibeba mgongoni." Mume wangu si mtu wa utani.

Basi nikajipiga kifua nikasema, nitamaliza hili jambo la mwendo. Mwendo ukiwa sawa, nani atakumbuka sauti?

Jumanne alasiri niliwaita wote wenye manung'uniko kanisani. Walikuja kumi na wawili, wakagawanyika pande mbili za njia ya katikati kama ukoo wa bibi harusi na ukoo wa bwana harusi. Upande wa mwendo wa haraka aliongoza mkunga, aliyekuja na sare yake ya kazi. Upande wa mwendo wa pole aliongoza mzee mmoja, tarishi mstaafu, na fimbo yake. Mwalimu wa kwaya alisimama kando ya nguzo, mikono nyuma, haongei.

"Mama Kinanda," mkunga alianza, "watoto hawanisubiri mimi. Ibada ikichelewa dakika kumi, kuna mtu anazaliwa bila ruhusa yangu."

"Mimi nimebeba barua begani miaka thelathini na miwili," tarishi akajibu. "Sijawahi kukimbia hata siku moja. Na barua zote zilifika."

"Zilifika zimeshapitwa na wakati!"

"Zilifika!"

Nikafunika kinanda. "Sikilizeni. Leo sipigi. Wewe mkunga, imba ubeti mmoja, bila kinanda, kwa mwendo unaoutaka moyoni mwako."

Mkunga akasimama, akaanza kwa kasi ya ajabu, huku akipiga makofi. Mstari wa kwanza ukapita kama upepo. Wa pili vilevile. Wa tatu pumzi ikamkatikia, akapunguza mwendo mwenyewe, akamalizia anatembea.

"Sasa wewe, mzee."

Tarishi akaegemea fimbo, akaanza kuburuta. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu kama foleni ya hospitali. Alipofika wa pili, nadhani alijichosha mwenyewe. Fimbo ikaanza kugonga sakafu, mguu ukafuata, na kabla hajajua akawa anaimba kwa mwendo wa mtu mwenye begi la barua anayetaka kuwahi chakula cha mchana.

Mwalimu wa kwaya akatazama saa yake. "Mmepishana kwa sekunde nne," akasema.

Watu wakacheka. Mkunga akamtazama tarishi, tarishi akamtazama mkunga.

"Sasa kama mwendo wetu ni mmoja," mkunga akauliza, "tumekuwa tukigombania nini?"

Tarishi alifikiri. "Mimi nitakuambia. Leo nimejisikia nikiimba. Jumapili sijisikii. Kile kinanda kinanimeza mzimamzima, sijui kama niko mbele au nyuma."

"Eh! Hata mimi," mtu wa kiti cha nyuma akasema. "Kumbe nina sauti nzuri."

Wote kumi na wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimejenga ukuta wa mwendo kwa bidii ili nijifiche nyuma yake, na wameuangusha kwa ubeti mmoja.

"Nitapunguza," nikasema. "Kuanzia Jumapili hii."

Wakapiga makofi. Tarishi na mkunga wakatoka pamoja wakisimuliana. Mimi nikabaki nimeshika kifuniko cha kinanda. Nikipunguza sauti, sisikii kitu. Nitakuwa napapasa gizani.

Mwalimu wa kwaya alikuwa anakusanya vitabu vya nyimbo. Niseme ukweli, mtu huyu sikuwa nampenda. Ana mpwa wake, binti anayepiga kinanda vizuri sana, na kila siku ya mazoezi anakuja naye, anamkalisha karibu yangu. Nilijua analimezea mate benchi langu. Kwa hiyo nilipoitoa ile bahasha mfukoni, niliitoa kama askari anayetoa ushahidi.

"Mwalimu. Hii ni yako?"

Hakukana hata kidogo. "Ni yangu."

"Na kwa nini usiniambie uso kwa uso, unaniandikia kama mdai?"

"Nilikuambia uso kwa uso, Mama Kinanda. Mara mbili. Mara ya kwanza ulinijibu, 'Asante, na wewe pia.'"

Nikaikunja ile bahasha.

"Mara ya pili ulinijibu, 'Watatu, wote wavulana.'"

Nilijikuta nimekaa. Kwanza nikacheka, tena kile kicheko cha kukosa pumzi, kisha machozi yakaja bila kuomba njia. Akazunguka akaja kukaa kando yangu. Upande wa kulia. Alijua hata upande.

"Hii miezi minane," akasema taratibu, akinitazama ili nimwone mdomo, "unadhani bega langu linapanda lenyewe? Nimekuwa nikikupa ishara kila ubeti. Nina maumivu ya bega mpaka mke wangu ananikanda kila siku. Anadhani nabeba mizigo."

"Mwalimu, nisamehe. Nilidhani unataka kumpa mpwa wako nafasi yangu."

"Mpwa wangu anataka umfundishe. Amekuomba mara nne."

Mara nne! Na mimi sijui nilimjibu nini, maskini ya Mungu. Labda nilimwambia bei ya mapazia.

"Alhamisi daktari wa masikio yupo kliniki," akasema. "Nenda. Mimi nitafunga mdomo. Lakini nenda."

Alhamisi asubuhi nilipita kinyozini kwa mume wangu. Alikuwa na mteja amejaa povu mashavuni.

"Natoka kidogo," nikasema. "Naenda kutafuta bitana ya mapazia."

Alisema kitu akiwa amenipa mgongo. Nikampungia mkono, nikaondoka haraka kabla hajageuka.

Kliniki kulikuwa na benchi refu la watu waliokaa kimya, na mlango mweupe ambao muuguzi alikuwa anautokea na kadi mkononi, anaita, anaingia. Nilikaza macho kwenye mlango ule. Aliyekaa baada yangu akaingia. Aliyekuja baada yake akaingia. Nikasema moyoni, hospitali hii haina utaratibu.

Mkono ukanigusa begani. Nikageuka. Alikuwa mama mkwe wangu.

"Mkwe wangu! Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kutafuta bitana, mama."

"Hospitalini?"

Maji yalinifika shingoni. Nikaamua kumgeuzia swali. "Na wewe, mama? Umefuata nini?"

"Mimi nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Eh?"

"Mgonjwa gani?"

"Ndiyo, nimekunywa, asante."

"MAMA, MGONJWA GANI?"

Benchi zima likageuka. Mlango mweupe ukafunguliwa, muuguzi akatoka na kadi mbili, uso umemwiva.

"Nyinyi wawili! Nimewaita mara tano! Mara tano kila mmoja! Mko kwenye benchi la masikio au mko shambani?"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama. Nadhani tulielewana kwa wakati mmoja, kwa sababu alianza kutikisika mabega, na mimi nikaziba mdomo kwa kitambaa, na kicheko kikatushinda wote wawili pale kwenye benchi. Muuguzi aliturudishia kadi akatuambia tuingie tukiwa watu wazima.

"Kumbe ndiyo maana uliandika niongeze sauti," nikamwambia mdomo karibu na sikio lake.

"Ndilo jambo pekee ninalolisikia kanisani," akasema. "Linapanda kwenye sakafu linaniingia miguuni. Wewe ukipiga, mwanangu, mimi nasikia kwa magoti."

Akanishika mkono, uso ukabadilika.

"Mwanangu asijue."

"Na mume wangu asijue, mama."

Mwanaye ni mume wangu. Tulikuwa tunamficha mtu mmoja, kila mmoja kwa sababu yake. Yangu mnaijua. Yake ilikuwa hii: mtoto wake akijua hasikii, atamhamishia kwetu.

"Nakupenda, mkwe wangu," alisema, "lakini kuhamia kwako sitaki. Nina nyumba yangu, nina kuku wangu, nina mlango wangu ninaoufunga ninapotaka."

Tukapeana mikono. Mke na mama, tumekula njama mbele ya muuguzi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye maneno machache. Alinifunika masikio kwa vyombo vyake, akaniambia niinue kidole kila nikisikia mlio. Upande wa kulia niliinua kidole mara kadhaa. Upande wa kushoto nilikaa nikisubiri aanze, kumbe alishamaliza.

Akanichorea mstari kwenye karatasi. Ulianza juu, ukashuka kama ngazi.

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona mapazia."

"Kuna kelele?"

"Hakuna. Ila Jumapili napiga kinanda."

"Spika ziko wapi?"

"Hapa." Nikamwonyesha, karibu na kichwa changu, kushoto.

Akaweka kalamu chini. "Mama, kila Jumapili unajipiga kofi sikioni. La kushoto limebaki kidogo sana. La kulia nusu. Vifaa vya kukusaidia kusikia vitafika baada ya wiki tatu. Mpaka wakati huo, sauti ya hicho kinanda iwe chini kabisa."

"Daktari, ikiwa chini sisikii ninachopiga."

"Na ikiwa juu, hutasikia tena chochote."

Nilikunja ile karatasi yenye ngazi, nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo, nikarudi kazini bila bitana. Wifi akauliza bitana iko wapi. Nikamwambia imekwisha mjini kote.

Jumapili ikafika.

Mwalimu wa kwaya alitangulia mapema. Alikuwa amebandika kipande cha plasta ya kidonda kwenye pedali ya sauti. "Mguu usivuke hapa," akaniambia. Pale plasta ilipokuwa, kwangu ilikuwa sawa na kinanda kilichozimwa.

Nikajikaza. Wimbo wa kwanza niliupiga kwa vidole na kwa imani. Macho kwenye kioo, kwenye bega la yule mtu mwema. Bega likapanda, nikaingia. Sikusikia hata noti moja. Jasho lilinitiririka mgongoni nikawa najiuliza kama napiga wimbo wenyewe au nakanda unga.

Kisha, ubeti wa pili, kitu kikanifikia. Hakikutoka kwenye kinanda. Kilitoka nyuma yangu, kikapita kwenye mbao za benchi, kikanipanda mgongoni. Walikuwa wanaimba. Watu mia mbili, kwa mwendo mmoja, mwendo wa tarishi na begi lake, na wote walikuwa wanajisikia.

Kwenye kioo nilimwona mkunga amefumba macho. Nilimwona tarishi ameacha fimbo imeegemea kiti. Yule mjukuu wa miezi minne alikuwa amelala fofofo begani kwa bibi yake.

Tulipomaliza wimbo wa mwisho niligeuka kwenye benchi, nikawaona watu wanatabasamu, wengine wanajifuta macho. Nikasema moyoni, Mama Kinanda, umeokoka. Wiki tatu zitapita hivi hivi, vifaa vitakuja, na hakuna atakayejua.

Mchungaji akasimama kwa matangazo. Alianza akitutazama, kisha akageukia upande wa kwaya, na mdomo wake ukanipotea. Aliongea kidogo. Akaongea tena. Halafu kanisa zima likageuka kunitazama mimi.

Niambieni, mtu asiyesikia hufanya nini watu mia mbili wakimtazama? Hutabasamu. Hutikisa kichwa. Nilitabasamu kwa meno yote, nikatikisa kichwa mara tatu.

Makofi! Watu walipiga makofi wakasimama. Mpwa wa mwalimu wa kwaya akatoka mbio kwenye safu ya kwaya, akanikumbatia, analia, ananiambia maneno mengi upande wa kushoto. Nikampigapiga mgongoni. Nikasema, "Amina, binti yangu, amina."

Ndipo nikamwona wifi. Alikuwa anakuja anasukuma watu, mikono kichwani kama aliyeibiwa. Akanifikia, bahati nzuri upande wa kulia.

"Wifi, umerukwa na akili? Umekubali kuacha?"

"Kuacha nini?"

"Kinanda! Mchungaji amesema baraza la wazee limeona upumzike, umetumikia vya kutosha, binti huyu ashike kuanzia Jumapili ijayo. Amekuuliza mbele ya wote kama umeridhia. Umetikisa kichwa mpaka nikaogopa kitachomoka!"

"Hakuniambia chochote kabla!"

"Anasema alikuambia asubuhi, pale mlangoni. Ukamjibu, 'Na iwe hivyo, Mchungaji, hata mvua ikinyesha.'"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na benchi langu.

Mchungaji alikuwa ameshanisogelea, uso umejaa upendo, ananipa kipaza sauti. Wifi akanirudishia maneno yake: "Anasema utoe neno la kuaga."

Nikamtafuta mwalimu wa kwaya. Alikuwa amepauka. Hakuwa anajua, niliona wazi. Akanitazama, akafungua mdomo taratibu, akaniundia neno moja: "Sema."

Nikamtafuta mama mkwe. Safu ya tatu, kiti cha pembeni. Alikuwa ameweka kidole mdomoni: "Usiseme."

Na kando yake mume wangu, ndani ya koti lake la Jumapili, anapiga makofi kuliko wote. Alidhani nimeamua mwenyewe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mke.

Kuaga kulikuwa rahisi. Ningesema asanteni, ningeketi, siri ingebaki siri, mume wangu angenunua nyama. Na miaka kumi na tisa ingeisha kwa kutikisa kichwa.

Nikakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," nikasema. "Sikusikia alichosema Mchungaji. Sikusikia sasa hivi, na sikusikia asubuhi. Mwaka mzima sijawasikia. Mlipoandika kwamba nawapigia kelele, mlisema kweli. Nilikuwa natafuta kusikia. Nimepimwa Alhamisi, na vifaa vinakuja. Binti huyu nitamfundisha kila ninachokijua, kwa moyo mweupe. Lakini kuacha sijakubali. Nilikuwa natikisa kichwa tu."

Hakuna aliyetikisika. Nadhani palikuwa kimya, ingawa mimi si shahidi mzuri wa jambo hilo.

Kipaza sauti kilikuwa karibu sana na mdomo wangu, na spika za kanisa zilikuwa zimewekwa sauti ya juu. Hata safu ya tatu, kiti cha pembeni, ilisikia. Mama mkwe akatoa kidole mdomoni. Akasimama, mkoba mkononi, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, hata mimi nikamsikia bila shida:

"HATA MIMI SISIKII! TULIKUWA WOTE ALHAMISI! NA SIHAMI!"

Watu mia mbili wakageuka kwake.

Makofi ya mume wangu yakasimama hewani. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Kisha akainuka polepole, akafunga kifungo cha koti, akatoka kwenye safu, akasimama katikati ya njia na kusema kitu.

Kilikuwa kirefu kidogo. Kama maneno kumi, kumi na mawili.

Wifi akakaa chini palepale kwenye sakafu. Mchungaji akashika kichwa. Vitabu vya nyimbo vikamporomoka mwalimu wa kwaya, na mkunga akamshika tarishi mkono kwa nguvu.

Mimi nikamtazama mama mkwe, yeye akanitazama mimi, juu ya vichwa vya watu wote wale.

"Amesema nini?" akaniuliza kwa midomo.

Nikapandisha mabega.